Foleni ya Hospitali Si Amri ya Mungu

Alfajiri moja ya mwaka jana, kabla hakujapambazuka, mwandishi wa maneno haya alimpeleka mama yake mdogo katika hospitali kubwa ya mkoa mmoja, ambayo hatutaitaja kwa kuwa habari hii ni ya hospitali nyingi. Tulidhani tumewahi. Tulikuta benchi mbili zimekwisha jaa watu, na juu ya benchi ya tatu hapakuwa na mtu bali vitu: kitambaa cha kichwa, chupa ya maji, jiwe, na madaftari ya kliniki yaliyopangwa moja baada ya jingine. Kila kitu kilishika nafasi ya mgonjwa aliyekwenda kujinyosha au kununua chai getini. Desturi hiyo haikuandikwa popote, wala hapakuwa na askari wa kuilinda, lakini iliheshimiwa kuliko matangazo yote yaliyobandikwa ukutani.

Dirisha la kadi lilifunguliwa saa mbili kasorobo. Baada ya hapo mama yetu alipanga mstari wa malipo, kisha wa daktari, kisha wa malipo tena kwa ajili ya vipimo, kisha wa maabara, kisha akarudi kwa daktari na majibu, na mwisho akasimama kwenye dirisha la dawa. Tulitoka saa tisa na nusu alasiri. Katika muda wote huo daktari alikuwa naye dakika tano mara ya kwanza na dakika nne mara ya pili. Alimsikiliza vizuri, naye mama akaridhika. Kadhalika muuguzi hakuwa na kiburi. Mama alipomwuliza, "Mwanangu, zamu yangu bado?" alijibiwa kwa upole, "Bado mama, nisamehe, leo tuko wawili tu."

Twaeleza jambo hili si kwa sababu ni la ajabu, bali kwa sababu si la ajabu hata kidogo. Kila msomaji wa gazeti hili aliyepata kuuguliwa analijua. Na kwa kuwa analijua, amelizoea; na kwa kuwa amelizoea, analihesabu kuwa ni amri ya Mungu, kama mvua na jua. Hapo ndipo tunapotaka kubishana naye.

Mazungumzo ya foleni za hospitali nchini petu huwa na majibu mawili tu. Jibu la kwanza ni la wakubwa: tuna upungufu. Waganga hawatoshi, vitanda havitoshi, fedha hazitoshi. Jibu la pili ni la wananchi: watumishi ni wavivu, na wanaojuana nao hupitishwa mlango wa nyuma. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na hatukusudii kuukanusha. Wengi wanakumbuka Novemba 2015, Rais Magufuli alipoingia Muhimbili bila kutazamiwa, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine kubwa za kupimia hazifanyi kazi. Uongozi ukabadilishwa, na fedha zilizochangwa kwa tafrija ya wabunge zikaelekezwa kwenye kununua vitanda. Vitanda vilihitajika, na mgonjwa aliyeinuliwa kutoka sakafuni hatuna ruhusa ya kumbeza. Lakini kitanda hakimwambii mtu aje lini, apitie wapi, na nani atangulizwe. Hilo ni jambo la tatu, nalo halitajwi sana, maana halina sherehe ya kukata utepe. Foleni ina kanuni zake. Asiyezijua huongeza watu na fedha, na foleni ikabaki palepale.

Aliyezifumbua kanuni hizo hakuwa mganga. Alikuwa mtumishi wa kampuni ya simu mjini Copenhagen, katika nchi ya Denmark, jina lake Agner Krarup Erlang. Katika siku zake simu ziliunganishwa kwa mikono, na kampuni ilitaka kujua ni nyaya ngapi na wahudumu wangapi wanaotosha ili mpigaji asingoje kupita kiasi. Mwaka 1909 Erlang alionyesha kwamba simu, ingawa kila mtu hupiga kwa haja yake bila kushauriana na mwenzake, zikikusanywa pamoja hufuata kanuni ya hesabu. Mwaka 1917 akatoa kanuni za kupimia muda wa kungoja. Leo vituo vingi vya kupokea simu duniani, vya benki, vya umeme au vya polisi, vinapanga watu wake kwa hesabu iliyozaliwa katika ofisi ile. Hospitali zetu nyingi hazijaanza.

Hesabu yenyewe ina jambo moja ambalo kila mkuu wa idara angefaa kulibandika juu ya meza yake. Tuchukue karani mmoja ambaye kila mtu humchukulia dakika 10 kwa wastani, wengine wakipungua na wengine wakizidi, na watu wanakuja bila mpango kama ilivyo kawaida. Ikiwa karani huyo ana kazi nusu ya muda wake, mtu atangoja dakika 10 kwa wastani kabla ya kuhudumiwa. Akiwa na kazi 80 kwa mia ya muda wake, mtu atangoja dakika 40. Akifika 90 kwa mia, dakika 90. Akifika 95 kwa mia, dakika 190, yaani saa tatu na dakika kumi. Msomaji atazame vizuri: kutoka dakika 40 hadi dakika 190 karani hakuongezewa hata mgonjwa mmoja kamili kwa saa. Kwanza alikuwa akiletewa watano kasoro kidogo, baadaye akaletewa watano na nusu na kitu. Nyongeza hiyo ndogo ndiyo iliyojaza ukumbi.

Sababu yake si ya uchawi. Watu hawaji kama matone ya bomba bovu, moja moja kwa kipimo. Watatu hufika pamoja, kisha hupita dakika 25 bila mtu. Zile dakika 25 ambazo karani alikaa bure haziwekwi akiba ili zitumike baadaye, zimepotea. Wakija watano kwa mkupuo, hana pa kuzikopa. Kadiri nafasi yake inavyokuwa finyu ndivyo anavyoshindwa kulipa deni la mkupuo mmoja kabla mwingine haujafika.

Kwa hiyo twasema jambo ambalo halitawapendeza wakaguzi wa hesabu. Mkuu wa idara anayejisifu kwamba watumishi wake hawapati hata dakika ya kupumzika, anajisifu kwa chanzo cha foleni yake. Mtumishi anayeonekana hana kazi saa tano asubuhi si lazima awe mvivu. Pengine yeye ndiye nafasi inayouzuia mstari usifike barabarani. Hatusemi watu wakae wakisoma magazeti, hata kama gazeti lenyewe ni hili. Twasema tu kwamba mahali pa kuhudumia wagonjwa si kinu cha kusaga mahindi, ambacho kikisimama dakika moja ni hasara. Zima moto hatuwapimi kwa wingi wa saa wanazoshinda wakimwaga maji.

Basi, je, ni lazima tuongeze watu ndipo foleni ipungue? Mara nyingine ni lazima. Lakini kabla ya kufika huko, yako mambo yanayotaka akili tu na kalamu.

La kwanza ni saa ya kuja. Karatasi za kliniki nyingi humtaka kila mgonjwa afike saa moja asubuhi. Wagonjwa 60 wa daktari mmoja wote huambiwa saa moja. Aghalabu daktari huyo huanza kwa kupita wodini kuwaona waliolazwa, naye anaketi kwenye chumba chake saa tatu au saa nne. Maana yake ni kwamba tumemwamuru mgonjwa wa sitini aje kungoja siku nzima, kisha tukashangaa kumkuta anangoja.

Uingereza iliwahi kuwa hivyohivyo. Mwaka 1952 mtaalamu wa takwimu Norman Bailey alichunguza kliniki za wagonjwa wa nje za hospitali za huko, akakuta kwamba wagonjwa wengi huitwa mapema mno ili daktari asikose mtu hata dakika moja. Muda wa daktari ulihesabiwa kuwa dhahabu na muda wa mgonjwa kuwa mchanga. Shauri lake lilikuwa jepesi kiasi cha kuchekesha: waite wawili saa ya kuanza, kisha mmoja mmoja kwa kadiri ya muda ambao daktari huutumia kwa mtu. Daktari asingekaa bure ila kidogo sana, na wagonjwa wangeepushwa na saa nyingi za benchi.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba mgonjwa wetu anatoka kijijini, hana saa ya mkononi, na basi ni moja. Jibu hilo lilikuwa na nguvu zamani kuliko leo, ambapo simu ya mkononi imefika hata kwa mchunga ng'ombe. Lakini hata tukilikubali, hatuombi miadi ya dakika. Twaomba watu 60 wagawanywe katika mafungu matatu: 20 saa tatu, 20 saa tano, 20 saa saba. Wa mjini waitwe mafungu ya mbali, na wa basi la asubuhi wapewe fungu linalolingana na basi lao. Karani anayeandika tarehe ya kurudi ndiye huyohuyo anayeandika saa. Wino hautazidi.

La pili ni madirisha. Mara nyingi makarani wawili wa malipo hukaa kila mmoja na mstari wake, na mwenye bahati mbaya husimama nyuma ya mtu mwenye shauri refu, akitazama mstari wa pili unavyokwenda. Hesabu ya Erlang inasema hivi: makarani wawili, kila mmoja na mstari wake, na kila mmoja ana kazi 80 kwa mia ya muda, na kila mteja ni wa dakika 10, watu watangoja dakika 40 kwa wastani ikiwa hakuna kuhama mstari. Wekeni mstari mmoja tu, na aliye mbele aende kwa karani yeyote atakayekuwa huru: kungoja kunashuka hadi dakika 18 hivi. Makarani ni walewale, watu ni walewale. Mabenki yalikwisha jifunza jambo hili na kutoa vikaratasi vya namba. Sijui kwa nini mwenye homa asipewe heshima anayopewa mwenye hundi.

Tena lipo swali kubwa zaidi: kwa nini madirisha ni mengi hivyo? Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, malipo yaliingizwa katikati ya kila hatua, na kila hatua ikazaa mstari wake. Mama yetu alilipa mara mbili kabla ya kufika kwenye dawa. Siku hizi ipo namba ya malipo inayokuja kwa simu, nayo imesaidia serikali kujua fedha zake zimekwenda wapi. Lakini namba hiyo hutolewa na karani, na kwa karani kuna mstari. Tusijidanganye kwamba tumeondoa dirisha kwa kuweka kompyuta ndani yake.

Sasa tunafika kwenye jambo la tatu, ambalo si la usumbufu bali la kufa na kupona. Mstari wa haki, unaosema aliyekuja kwanza ahudumiwe kwanza, ni mzuri dukani. Hospitalini unaweza kuua. Mtoto mwenye degedege akiwa wa arobaini nyuma ya watu 39 wenye mafua, usawa huo ni wa namna gani?

Tutoe mfano wa jirani zetu wa Malawi, kwa kuwa nao si matajiri kuliko sisi. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, watoto walikuwa wakifika kwa mamia, wakangoja katika msongamano, na wengi wa waliokufa walikufa mapema baada ya kufika. Mnamo mwaka 2001 idara ile ilipangwa upya. Hawakujenga hospitali mpya. Walifupisha njia ya mtoto kutoka mlangoni hadi kwa mganga, wakaweka chumba cha dharura karibu, wakawafundisha watumishi kumtazama kila mtoto anapofika na kumwondoa kwenye mstari yule asiyepumua vizuri, aliyezimia au mwenye degedege, atibiwe papo hapo. Kabla ya mabadiliko hayo, kati ya watoto 100 waliolazwa walikufa kati ya 10 na 18. Baadaye walikufa kati ya 6 na 8. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, na yeyote aweza kuisoma.

Msomaji asipite upesi juu ya tarakimu hizo. Si muda wa kungoja uliopungua pale, ni majeneza. Nasi tumekwisha anza: Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na madaktari wanafunzwa ubingwa wa fani hiyo hapahapa nchini. Lakini wagonjwa wengi hawafiki Muhimbili. Wanafika hospitali ya wilaya, saa nane usiku, mlangoni kwa mlinzi. Mara nyingi mtu wa kwanza kuamua nani aingie na nani angoje ni huyo mlinzi, ambaye hakufundishwa neno hata moja la ugonjwa. Kumfundisha dalili tano za hatari kungechukua siku moja. Hatuoni aibu kupendekeza jambo dogo kama hilo katika ukurasa huu.

Kuna wanaodhani simu itatuponya na yote haya. Twaiheshimu simu. Mfano mzuri ni mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kupanuliwa kitaifa tangu mwaka 2022. Mama mjamzito au mzazi aliyepatwa na hatari, au zahanati aliko, hupiga 115 bila malipo. Mtumishi wa kituo huuliza maswali yaliyopangwa, hutafuta ambulansi, na isipopatikana humwita dereva wa kijijini aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa simu akimfikisha mgonjwa. Wakunga husema mama mzazi huuawa na ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mpango huu umeishambulia namna ya pili kwa nguvu. Ya tatu inamngoja kule alikopelekwa, kwenye mlango uleule tuliousema.

Vituo vingine vya simu, vya mashirika ya umeme, maji na simu zenyewe, vinatupa fundisho la upande wa pili. Huko mhudumu hupimwa kwa ufupi wa mazungumzo yake. Basi hujifunza upesi kumaliza simu, si kumaliza shida. Mteja hupewa namba ya taarifa, huambiwa "tunalishughulikia," na kesho hupiga tena, na keshokutwa tena. Shida moja imekuwa simu tatu, na mkuu wa kituo anaripoti kwamba kazi imeongezeka na kwamba anahitaji watu zaidi. Hakuna anayesema uongo hapo. Hospitali nayo hufanya vivyo hivyo inapompa mgonjwa dakika mbili na vidonge vya kutuliza maumivu: atarudi Jumatatu, naye atakuwa mgonjwa zaidi.

Jambo la vipimo limewashinda hata wakubwa. Uingereza iliweka sharti kwamba kila afikaye kwenye idara ya dharura awe ameshughulikiwa na kuondoka ndani ya saa nne. Kufikia mwaka 2004 hospitali zilidaiwa kutimiza 98 kwa mia, na mwaka 2010 sharti likateremshwa kuwa 95. Kwa hakika muda wa kungoja ulipungua, na wengi walifaidika. Lakini tarakimu zilionyesha pia kundi kubwa la wagonjwa wakiondolewa katika dakika za mwisho kabla ya saa ya nne kugonga. Na tume ya Robert Francis, iliyotoa ripoti mwaka 2013 kuhusu hospitali ya Stafford, ilieleza jinsi wakuu walivyoshughulika na viwango na fedha hata wakasahau wagonjwa waliokuwa wakiteseka vitandani. Twataka kupima, ndiyo. Lakini anayepimwa asiachiwe kuchagua fimbo ya kupimia.

Kipo kipimo kimoja ambacho hakidanganyi kwa urahisi, na hakihitaji mashine. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni ambayo hata mtoto wa darasa la tano ataielewa: idadi ya watu waliomo mahali ni sawa na idadi wanaoingia kwa saa, mara saa ambazo kila mmoja hukaa. Wakiingia 30 kwa saa na kila mmoja akakaa saa nne, humo ndani watakuwamo 120. Basi matroni asimame ukumbini saa nne asubuhi, ahesabu vichwa vya wagonjwa, na agawanye kwa wanaoingia kwa saa. Akifanya hivyo siku nyingi, ataweza kukadiria muda wanaokaa watu wake humo bila kumwuliza mtu yeyote, wala kuletewa taarifa iliyopambwa.

Kwa nini tunayasema haya sasa? Kwa sababu Bunge limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ni sheria ya haki, na inatimiza neno ambalo taifa hili lilijiahidi tangu zamani, kwamba maskini asife kwa kukosa fedha. Lakini mtu aliyekuwa akikaa nyumbani na kikohozi chake kwa kuogopa gharama, akipewa kadi atakuja. Ni lazima aje. Ndiyo maana ya kadi. Uganda ilipofuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, mahudhurio yaliongezeka sana, na walioongezeka zaidi walikuwa maskini. Sasa mkumbuke karani wetu wa 80 kwa mia. Hatuhitaji umati umfikie. Nyongeza ya mtu mmoja tu kwa saa inatosha kumfikisha pale ambapo mstari haurudi nyuma tena, na kila mwenye kadi atauliza ni bima gani hii inayomnunulia benchi.

Tutaambiwa wananchi waanzie zahanati, wasikimbilie hospitali ya rufaa kwa kuumwa kichwa. Ni kweli kabisa, na ndiyo ngazi iliyowekwa: zahanati, kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda, taifa. Lakini mwananchi si mjinga. Amekwenda zahanati mara mbili akakuta dawa zimekwisha, mara ya tatu anaruka ngazi. Kumkaripia redioni hakutamrudisha. Atarudi siku atakapomwona jirani yake ametoka zahanati na dawa mkononi kabla ya adhuhuri. Shilingi inayowekwa kwenye kabati la dawa la zahanati inapunguza foleni ya hospitali ya mkoa kwa hakika zaidi kuliko jengo jipya la mapokezi lenye vigae.

Waganga wakuu wa mikoa wasingojee waraka kutoka juu. Kugawa saa za kuja, kuunganisha mistari, kumweka muuguzi mmoja mlangoni badala ya ndani, kuhesabu vichwa saa nne: hakuna hata moja katika hayo linalohitaji idhini ya Waziri. Na wale ambao wamekwisha fanya, maana wapo, wangetuandikia tukawatangaza, kwa kuwa kurasa zetu zimejaa habari za wanaoahidi.

Tulipokuwa tunatoka, mama mdogo alinipa karatasi yake nimsomee, maana miwani yake aliisahau nyumbani. Iliandikwa tarehe ya kurudi, na chini yake: saa 1:00 asubuhi. Mzee mmoja aliyeketi ukutani naye akaninyoshea ya kwake, "Nami nisomee, mwanangu." Ilikuwa tarehe ileile, na saa ileile. Yule kijana wa kando yake hakungoja kusomewa. "Ni saa moja, mzee," alisema. "Ni saa moja kwa wote."